Siku Tano kwa Gunia Moja

"Milima yote hii ya Maluti haina mnunuzi wa kunishinda," Mama Tsepiso alipenda kujisifu. Kisha alijicheka mwenyewe. "Kununua najua. Kinachonishinda ni kurudi."

Kweli kilimshinda. Shamba lake lilichukuliwa na maji ya mvua, yakabaki mawe. Unga ulikuwa mjini. Kila mwezi alimwongoza punda wake kutwa nzima hadi barabarani, akalala huko. Siku ya pili alipanda gari, akanunua gunia. Siku ya tatu alirudi. Kila nyumba kijijini ilifanya hivyo hivyo, kila moja kwa siku yake.

Nyumbani alimwacha mumewe, mzee Letuka. Migodi ilimrudisha na blanketi moja na kifua kibovu. Sasa alikuwa akimeza dawa za kifua kikuu.

Mwezi wa Julai theluji ilifunga njia. Mama Tsepiso alikwama barabarani, ameegemea gunia lililojaa, akiwaza chungu kitupu nyumbani. Alifika siku ya tano.

"Umekula, Ntate?" alimwuliza mumewe, kwa neno ambalo Wasotho humwitia mzee wa heshima.

"Nimekula. Nimeshiba mpaka nikamwonea mbwa huruma, nikambakizia."

Mama Tsepiso alimtazama mbwa. Alikuwa amejikunja katikati ya mafiga, juu ya majivu baridi. Moto haukuwa umewashwa kwa siku nyingi.

Aliwasha moto. Akakoroga uji.

Asubuhi alikuja Puseletso, mhudumu wa afya wa kijiji. Aliomba kopo la dawa, akahesabu.

"Ntate, humu zimezidi dawa za siku tatu ambazo hukumeza."

"Nikimeza na njaa, natapika."

"Ungeniita."

"Nikuite wewe, ambaye mama yako naye yuko njiani kutafuta unga?"

Puseletso aliinama, kisha akasema polepole, "Dawa hii haitaki kukatizwa. Ukiikatiza, ugonjwa unarudi na nguvu, na huenda dawa isiuweze tena. Ikikutapisha, sema siku hiyo hiyo. Mzee Sekhobe alificha kama wewe. Mkewe alirudi akakuta kaburi, gunia bado liko mgongoni mwa punda."

"Basi nifanyeje?" Mama Tsepiso alifoka. "Nisiende, tufe wote?"

"Tuko nyumba kumi na mbili, Mama. Kila mwezi safari kumi na mbili, za nini? Waende wawili, wawanunulie wote. Waongoze punda wote hadi barabarani, wawaache huko wakienda mjini. Wengine tubaki na wagonjwa wetu. Na kabla ya theluji tununue unga wa miezi mitatu. Tuuweke juu ya mbao, mbali na ukuta, usipate unyevu."

"Na hao wawili wakituibia?"

"Ndiyo maana ni wawili. Wasiwe ndugu."

Walibishana wiki mbili nzima. Mwishowe walikubaliana, wakapanga zamu.

Baridi iliyofuata, theluji ilianguka siku nne mfululizo. Safari hii hakuna aliyekuwa njiani. Magunia yalikuwa yamepangwa kwenye chumba cha kanisa. Mjane wa Sekhobe alichota unga wake, kibaba cha mtu mmoja, akaenda zake. Mzee Letuka alikuwa amemaliza dawa, na suruali yake haikuhitaji tena kamba.

Mama Tsepiso tu ndiye aliyenuna. Zamu yake ilikuwa bado miezi minne, na maandazi ya stendi ya mjini yalikuwa yakimwita. Puseletso alipopita kuwajulia hali, alimkuta amejifunga kitambaa shavuni.

"Jino, mwanangu! Limeniua. Lazima nifike mjini."

"Pole, Mama. Hebu fungua kinywa, nilione."

Mama Tsepiso alibana midomo.

"Usimsumbue, mwanangu," alisema mzee Letuka, akiota jua mlangoni. "La mwisho lilimtoka mwaka tuliomwoza Tsepiso."