Matabishi Hairudi

Chuma kilichokaa mvuani hakiwi na joto. Hata mtoto wa fundi anajua hilo. Lakini siku Seifu alipoishusha mashine yake kutoka kwenye mkokoteni, uani kwake Albertville, mji ambao leo tunauita Kalemie, mkono wake ulikuta chuma ni vuguvugu, kama tumbo la kuku anayeatamia.

"Iko na moto," alisema mke wake, Mwanamisi.

"Njo jua imeipasha," Seifu alijibu.

"Jua gani, Papa Mwavita? Tangu asubuhi iko mvua."

Seifu akacheka tu. Kipenda roho hula nyama mbichi. Alikuwa mfanyakazi wa karakana ya reli, na kwa miaka mingi aliitamani mashine ya namna hii, inayokwangua chuma kidogo kidogo mpaka kiwe laini na kifuate kipimo, ili atengeneze vipuri vya injini za maboti nyumbani kwake na asiitwe boi na mtu yeyote. Mpya hakuiweza. Hii, ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, aliuziwa kwa bei ya kutupa na Mama Alphonsine, mjane wa fundi Déogratias.

Kosa lake lilikuwa dogo, na kila mtu wa mji ule angelifanya. Alipokwisha kulipa aliomba matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji hutoa juu ya mzigo: samaki mmoja juu ya fungu, konzi ya unga juu ya debe. Nani ananunua bila kuomba matabishi?

"Matabishi iko mule ndani," mjane alijibu polepole. "Unaikubali, Papa? Sema mwenyewe."

"Naikubali, Mama."

Mjane akamshukuru, akamshukuru tena, kisha akaenda kunawa mikono. Seifu alidhani amepewa visu vya akiba.

Mashine ilianza kufanya kazi peke yake saa za mchana, watu wakiwa wamejilaza baada ya kula. Mwanamisi alikuwa chumbani na Mwavita, binti yao wa pekee, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Akasikia kanyagio, akadhani mumewe amerudi. Alipochungulia kwenye kibanda cha uani, walikoiweka mashine, hakuona mtu. Kanyagio lilikuwa linapanda na kushuka, kisu kinazunguka bila chuma mbele yake, na hewa inanuka nywele zilizoungua. Chini ya kisu palikuwa panaanguka vumbi jeupe, jepesi kama unga wa muhogo.

Jioni, akimnawisha Mwavita mikono, aliona ncha za vidole vyake hazina mistari.

Baadaye viganja navyo vikawa laini, kisha nyayo. Kovu la gotini, ambalo Mwavita alilipata kwa kuanguka kwenye mawe ya ziwani, likafutika. Mtoto hakuwa na homa wala hakulalamika. Seifu aliogopa, na hakuona aibu kusema hivyo.

Siku moja hakwenda kazini. Saa za mchana zilipofika alimpakata binti yake akamkumbatia kwa nguvu zake zote, na kanyagio likaanza, na ile harufu ikaingia chini ya mlango, na mtoto akaanza kutetemeka mikononi mwake, si mtetemeko wa baridi wala wa homa bali ule anaoujua kila fundi, wa kipande kilichobanwa kikipitiwa na kisu, na kadiri alivyomkaza ndivyo alivyohisi kwamba yeye mwenyewe ndiye anayemshikilia ili kisu kisikose, naye hakuthubutu kumwachia, na Mwavita hakulia, alimtazama tu baba yake mpaka kelele zikaisha.

Seifu akakimbilia kwa Mama Alphonsine kuirudisha mashine. Majirani wakamwambia mjane amepanda meli, amehamia kwa ndugu zake Baudouinville, mji wa kando ya ziwa upande wa kusini.

Maalimu Idi aliitwa, akafukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Kisha akauliza mashine ilipatikanaje, na Seifu akamweleza yote.

"Kitu ya kununua inarudishwa," Maalimu alisema kwa kunong'ona, akikunja mkeka wake. "Matabishi hairudi. Uliiomba kwa kinywa yako. Itaondoka tu siku muntu mwingine ataiomba."

"Na kama hakuna wa kuiomba?"

Maalimu akavaa viatu, akaaga. Alikataa hata chai.

Seifu akatangaza kwamba anaiuza mashine, lakini mafundi wa mtaani walikwisha kuzisikia zile kelele, hakuna aliyetaka kusogea. Hatimaye alikuja mfanyabiashara mmoja Mgiriki, akaikagua mashine, akalipa bila kubishana, akaamuru vibarua waipakie. Seifu alisimama pale akisubiri neno moja tu. Moyoni alikuwa tayari kumtupia mtu asiye na hatia balaa lile, na alijua kuwa yuko tayari.

"Bwana, hamuombi matabishi kidogo?"

Mgiriki akacheka. "Mimi napenda kitu nalipa. Ya bure hapana."

Gari likaondoka. Kibanda kikabaki kitupu, na mchana ule hawakusikia kitu. Mwanamisi alilia kwa furaha, akapika wali, akatenga maji ya uvuguvugu kumwogesha mtoto uani. Alimpaka sabuni shingoni, kifuani, akashuka. Mikono yake ikasimama.

"Papa Mwavita," aliita kwa sauti ya chini. "Kitovu ya mutoto iko wapi?"

Seifu akachutama, akapitisha kidole. Tumbo lilikuwa laini toka ubavu huu hadi ule, kazi safi kabisa, tumbo la mtu ambaye hakuzaliwa na mtu.

Mwavita akawatazama wote wawili kwa upole, kama watoto waliolelewa vizuri wanavyowatazama wageni.

"Karibuni," akasema. "Munamutafuta nani?"