Ukuta wa Kituo cha Tano

Winfred alimkuta mzee chini ya ngazi, mara tu baada ya sala ya Alasiri, alipokuwa akiteremka kutoka darini na kapu la nguo kavu. Mzee Murad alilala kifudifudi, kola ya kanzu imechanika, damu imeenea kwenye marumaru. Winfred alimgeuza, akakipakata kichwa chake, akapiga ukelele uliojaza majirani mlangoni. Polisi walimkuta vivyo hivyo, gauni limelowa damu. Wakamchukua.

Kwao kazi ilikuwa imekwisha. Mfanyakazi wa ndani kutoka Kenya, peke yake na maiti, na asubuhi ile jirani alimsikia akigombana na mzee kuhusu likizo. Jeddah, kesi ya kuua si mchezo. Mtu hulipa kwa shingo yake.

Wahida, binti pekee wa marehemu, alikuja kwa ndege kutoka Riyadh, ambako kazi yake ni kukagua madai ya bima. Siku nzima hukaa na watu waliochoma magari yao wenyewe, na hana haraka nao. Kufuli la nyumba ya babake, mtaani Aziziya, halikuvunjwa. Mbali na Winfred, waliokuwa na ufunguo ni wawili: binamu yake Badawi, na dereva, Danson.

Badawi alikuwa barazani akipokea rambirambi, macho mekundu.

"Mie nilikuwa Balad, dada yangu," alisema. "Naijaribu ziara ya Ami, mwanzo mpaka mwisho, hedifoni masikioni. Nimepigiwa simu sikusikia. Najuta!"

Ziara hiyo mzee aliirekodi kwa Kiswahili, kwa ajili ya mahujaji wanaopitia Jeddah. Mtu huiweka kwenye simu, akatembea Balad, mji mkongwe wa Jeddah, peke yake, sauti ya mzee ikimwambia ageuke wapi na asimame wapi. Badawi ndiye aliyeiuza kwa kampuni moja ya utalii kule Riyadh. Sasa alionyesha simu yake: ziara ilichezwa yote, Alasiri ile ile.

"Hukupata taabu popote?"

"Hata! Ami kaelekeza vizuri mno. Kituo cha tano nimepanda vile vidato vitatu, nikaugusa mlango wa kijani. Bibi yetu akikaa pale, Wahida. Machozi yalinitoka."

Wahida alimshukuru, akaenda jikoni kwa Danson. Dereva alikuwa na hofu ya mtu anayejua kwamba zamu yake ya kukamatwa inaweza kufika.

"Alasiri ulikuwa wapi?"

"Balad, Madam. Wageni walikuwa wamekwama tena kwa hiyo tour. Wakikwama wanampigia Mzee, yeye anacheka tu, ananituma niwatoe. Siku hiyo ilikuwa wamama wa kutoka Malindi. Namba zao ninazo, wapigie."

Aliwapigia. Walimsifu Danson mpaka akaona haya.

"Walikwama wapi?" Wahida alimwuliza.

"Kituo cha tano. Hapo kila mtu hukwama."

Kesho yake Wahida aliingia mji mkongwe na sauti ya marehemu babake masikioni. Vichochoro vilikuwa vitupu kwa joto. Juu, madirisha ya mbao yalikuwa yamefungwa yote, lakini alihisi anatazamwa. "Pita kushoto, mgeni wangu," sauti ilisema karibu sana, akasisimka mwili. "Sasa panda vidato vitatu. Gusa mlango wa kijani. Hapa mama yangu akikaa na wenziwe."

Aliinua mguu, ukatua chini palepale. Akanyoosha mkono. Ukuta.

Muuza manukato wa jirani alicheka. Palikuwa na mlango wa wanawake, alisema. Wanaume wakiingia kwa barabarani, wanawake kwa uchochoroni. Ulizibwa zamani, na vidato vikang'olewa. Wahida alielewa. Babake alifika Jeddah kutoka Unguja akiwa mtoto, ameshika buibui la mamake. Mji huu aliujua kwa njia za wanawake, akaurekodi hivyo hivyo kutoka moyoni, na wageni walipolalamika alikataa katakata kuigusa njia ya mamake.

Jioni aliwaalika nyumbani Badawi na afisa wa upelelezi. Afisa hakujua Kiswahili. Wahida alimfasiria neno kwa neno.

"Badawi, ule mlango wa kijani ulikuwa wazi au umefungwa?"

"Umefungwa. Nimeusukuma kwa mkono huu."

Wahida alifasiri. Kisha akasema, "Pale ni ukuta. Mlango ulizibwa mimi na wewe hatujazaliwa. Aliyeitembea ziara anajua. Umeiuza bila kuitembea hata mara moja. Siku ile uliiwasha ikajisemea garini, ukaingia humu kwa ufunguo wako."

"Nimechanganya tu..."

"Baba alikukosea nini?"

Badawi alimtazama afisa, akautazama mlango. Askari alikuwa amesimama pale.

"Kampuni wameitengeneza sauti ya Ami kwa kompyuta," alisema polepole. "Inasema Kiarabu, Kiingereza, inasimulia miji asiyoikanyaga. Niliwapa rekodi zake zote, nikatia saini kwa jina lake. Akaisikia. Akasema atakwenda Riyadh kuwaambia hakuridhia. Ningefungwa, Wahida! Nilimshika kola asiteremke. Akajing'oa, akaanguka. Halas."

"Ukamwacha."

"Alikuwa bado anapumua. Nikamsikia Winfred anaimba juu darini. Nikajua ataonekana ni yeye aliyeua."

Wahida alimgeukia afisa. Akamfasiria yote, mpaka sentensi ya mwisho.

Winfred alitolewa mahabusu siku iliyofuata, bado ndani ya gauni lile lile, damu imekauka na kuwa nyeusi. Wahida alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba radhi, pamoja na pasipoti na tiketi ya Nairobi mkobani. Hakupata nafasi.

"Madam, Mzee mmemzika?"

"Tumemzika, Winfred."

"Walimwosha damu ya masikio? Nilikuwa naipanguza, wakanivuta kabla sijamaliza."

Tangu Riyadh Wahida hakuwa ametoa chozi. Alilia pale pale mlangoni, mbele ya askari, na Winfred akamshika mkono mpaka gari likaja.