Mgongo wa Namba Tisa

Jumamosi nyumbani kwa kina Dhahabu ilikuwa siku ya kufua, na hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani. Mama yao, Roseline, alishinda wiki nzima akifua mashuka ya wageni katika hoteli moja ya Shanzu. Alikwisha kusema wazi kwamba akiwa kwake Mjambere mikono yake haitaki kuona sabuni. Kwa hiyo Dhahabu, msichana wa Gredi ya Saba, ndiye aliyeinama kwenye beseni kabla jua halijawa kali, akinung'unika kwa sauti ndogo ambayo mama hangeisikia.

Siku hiyo rundo lilikuwa kubwa kuliko kawaida. Kaka yake Nguma, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Mwambani, alipita jana yake akichechemea na kuacha mfuko wa nguo chafu, maana mifereji ya hosteli ilikuwa imekauka. Mguu wake ulikuwa umeteguka mazoezini, na timu ya chuo ilikuwa inasafiri kwenda kucheza bila yeye. Alikula, akamtania dada yake kwamba anafua kama anayepigana na nguo, kisha akarudi hosteli ili awe karibu na zahanati.

Chini kabisa ya mfuko Dhahabu alikuta jezi ya timu. Ilikuwa ya buluu, yenye jina la chuo mabegani na namba tisa kubwa mgongoni. Hiyo hakuichanganya na nguo nyingine. Aliifua peke yake, akaisuuza mpaka maji yakawa meupe, akaianika mahali ambapo kila mpita njia angeiona. Alijivuna nayo, na alikuwa na haki ya kujivuna, kwa sababu nyumba ile haikuwa na uwezo wa kumpeleka mtu chuo kikuu. Mguu wa Nguma ndio uliompeleka. Alisoma kwa ufadhili wa wachezaji, na sharti moja la ufadhili huo lilikuwa kwamba asicheze mechi yoyote ya mtaani bila ruhusa ya kocha.

Jezi ilikuwa imeanza kukauka Lenox alipotokea. Huyu alikuwa jirani yao, kijana aliyemaliza shule mwaka uliopita.

"Dhahabu, hujambo?"

"Sijambo. Mama ametoka."

"Sikumjia mama, nimekujia wewe," Lenox alisema, macho yakiwa kwenye kamba. "Leo ndiyo fainali ya kushindania mbuzi, na jezi yangu imepasuka. Niazime hiyo ya Nguma. Jioni utaiona hapa."

"Si yangu, Lenox."

"Si yako, lakini umeishika wewe. Na Nguma angeninyima? Mimi na yeye tumekula sahani moja tangu tukiwa wadogo."

Dhahabu alikwama. Katika mtaa ule watu waliazimana kila kitu: sufuria za arusi, viti vya matanga, hata viatu vya kwendea kuomba kazi. Kumnyima jirani kitu kilichofungiwa kabatini kulisameheka. Kumnyima kitu kinachoning'inia mbele ya macho yake kulikuwa kumtusi. Hakumpigia Nguma simu. Alibandua vibanio kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni jezi ilirudi ikiwa imejaa vumbi na jasho, pamoja na nyama ya mbuzi ndani ya mfuko, kwa sababu Lenox ndiye aliyefunga bao la ushindi. Dhahabu aliifua tena haraka, akaila nyama, na mambo yakaonekana kuishia hapo.

Katikati ya wiki simu ya mama ililia. Alikuwa Nguma, na alimtaka Dhahabu.

"Abee, kaka."

"Dhahabu, Jumamosi jezi yangu ilikuwa wapi?"

Mama alikuwa papo hapo akikatakata mchicha, masikio yote kwake. Dhahabu alifikiria fimbo, akafikiria na ile nyama aliyoila peke yake.

"Ilikuwa kwenye kamba," alisema.

"Kutwa?"

"Kutwa."

"Una hakika? Ni jambo kubwa hili."

"Nina hakika, kaka."

Nguma alishusha pumzi. "Haya basi. Hivyo ndivyo nitakavyowaambia." Akakata simu bila kueleza atawaambia nani.

Ijumaa alifika nyumbani na godoro lake begani, akichechemea vilevile. Mama alimpokea mlangoni na hakuhitaji kuuliza kama kuna jambo.

"Nimesimamishwa masomo," Nguma alisema.

Alieleza akiwa amekaa juu ya godoro. Mtu fulani alipeleka chuoni picha ya mechi ya Mjambere. Ilimwonyesha mchezaji wa jezi ya chuo, namba tisa, akiruka kwa furaha baada ya bao. Picha ilipigwa kwa nyuma, uso hauonekani. Kamati ya nidhamu ikaamua kwamba Nguma alijifanya mgonjwa ili akacheze mtaani.

"Niliwaambia jezi ilikuwa nyumbani, kwenye kamba, kutwa nzima. Mwenyekiti akaniuliza kama jezi ilishuka ikaenda kucheza mpira yenyewe. Wakacheka, mama. Tangu hapo kila nililosema lilikuwa uongo."

"Na mguu? Hawakuutazama?"

"Walisema wachezaji ni hodari wa kuwadanganya madaktari. Mwaka jana wawili walifanya mchezo huo, basi na mimi nikaonekana ni wale wale. Sijakaa vizuri kitini, kesi imekwisha. Nilipotoka jina langu lilikuwa limeshabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na wanafunzi wamejaa wanalisoma."

Rufaa ingesikizwa Jumatatu. Akishindwa, ufadhili ungeondoka, na bila ufadhili chuo nacho kingekwenda. Mama alishika tama. Dhahabu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, na alitamani dunia imfiche. Neno lake ndilo lililomfanya kaka yake aonekane mwongo.

Alitoka mbio hadi kwa Lenox, akamkuta akipaka mafuta cheni ya baiskeli.

"Twende ukaseme ni wewe," Dhahabu alimwambia.

Lenox hakuinua uso. "Mimi si mwanafunzi wao. Nikienda watasema tumepanga. Halafu Nguma atanitazama kwa jicho gani? Nyamaza tu. Watamsamehe, si wanamhitaji uwanjani?"

"Na wasipomsamehe?"

Lenox aliendelea kupaka mafuta. Dhahabu akarudi nyumbani akiwa na uzito ule ule alioondoka nao.

Alimkuta Nguma akiikunja jezi taratibu, mikono imekutana na namba imekaa juu, kama inavyokunjwa nguo ya mtu anayesafiri. "Wameitaka irudi Jumatatu," alisema. "Nikunjie vizuri, wewe unajua kuliko mimi."

Dhahabu aliipokea, na hapo machozi yakamshinda. Alisema yote mfululizo, bila kupumzika: Lenox, kamba, vibanio, nyama, na simu.

Nguma aliichukua tena jezi. Dhahabu angependa agombe, lakini hakugomba.

"Niliapa mbele yao," alisema. "Niliapa kwa neno lako, Dhahabu."

Akatoka nje, akaketi kwenye ngazi akiwa ameupa mlango mgongo. Mama naye hakushika fimbo. Alisema tu, "Jumatatu utavaa sare yako ya shule, na utakwenda kulisema hilo pale pale lilipoharibikia."

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na baridi ya kiyoyozi. Mwenyekiti alikuwa Daktari Margret, mhadhiri mwanamke wa makamo mwenye miwani. Pembeni yake aliketi kocha wa timu, Bwana Absalom, pamoja na wahadhiri wengine. Mama na Nguma walipewa viti vya nyuma.

"Shikamooni," Dhahabu alisema.

"Marahaba. Sema, tunakusikiliza."

Alisema. Hakuacha hata ile nyama. Alipomaliza, mhadhiri mmoja alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mtoto huyu amefundishwa," alisema. "Dada atasema lolote kumwokoa kaka yake."

Dhahabu alihisi uso ukimchoma. Hivi ndivyo Nguma alivyohisi ndani ya chumba hiki hiki, kusema kweli ukaambiwa umetunga. Akageuka akamtazama kaka yake, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Nguma alimtazama naye.

"Kama ningefundishwa," Dhahabu alisema, sauti ikikatika, "ningefundishwa uongo ambao hautanitia aibu. Msiponiamini mimi, waulizeni waliocheza na Lenox. Waulizeni na waliofungwa. Mjambere nzima inajua nani alifunga bao lile, na hakuna hata mtu mmoja aliyeulizwa."

Mhadhiri yule aligeukia picha iliyokuwa mezani. Bwana Absalom ndiye aliyejibu, na alizungumza kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Mwenyekiti, ni kweli. Hatukuuliza. Na mimi nina langu la kujibu. Nilikuwepo Nguma alipoumia, na mguu nikauona ukivimba. Kikao kilichopita nilinyamaza, kwa sababu wale wawili wa mwaka jana walinidanganya, nikaona haya kuonekana nawatetea wachezaji wangu tena."

Daktari Margret alivua miwani. Aliiinua ile picha, akaitazama mbele, akaitazama nyuma kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Tulikuwa na mgongo tu," alisema polepole. "Kikao kinasimama. Bwana Absalom, nenda Mjambere leo na mwakilishi wa wanafunzi. Ulizeni, msiwaongoze watu majibu."

Haikuwa kazi ngumu. Nahodha wa timu iliyofungwa alijibu kabla swali halijaisha, bado ana hasira na bao lile, kwamba aliyewafunga ni Lenox. Walipokuwa wakisema na nahodha huyo, Lenox alikuwa upande wa pili wa uwanja. Angeweza kupotelea vichochoroni, na alipiga hatua kadhaa kuelekea huko. Kisha akageuka, akawajia akiwa ameinamisha kichwa, akakiri mwenyewe.

Siku iliyofuata waliitwa tena. Nguma alirudishiwa masomo, ufadhili na jezi yake. Hata hivyo timu iliyokuwa inakwenda kwenye mashindano ya vyuo vikuu ya taifa ilikuwa imeshaandikishwa, na nafasi yake imepewa mwingine. Mwaka mzima Nguma alikuwa akiyangoja mashindano yale, na mguu wake ulikuwa karibu kupona.

Daktari Margret alimnyoshea mama bahasha. "Uamuzi wetu mpya umo humu, pamoja na radhi zetu."

Mama hakuipokea. "Nakushukuru, Daktari. Lakini niwie radhi, nina swali. Ule uamuzi wa kwanza mliubandika ubaoni, kila mtu akausoma. Huu mwema mbona ni wa bahasha?"

Wahadhiri walitazamana. Daktari Margret akainuka, akaichukua ile bahasha na kutoka nje, nao wakamfuata. Mbele ya wanafunzi waliokuwa wakipita alilibandua tangazo la zamani kwa kucha zake na kubandika jipya mahali pale pale, jina la Nguma kwa herufi kubwa zile zile. Wanafunzi walianza kusogea.

Kisha akamgeukia Dhahabu.

"Mwanangu, sisi watu wazima tulitazama mgongo tukadhani tumeona uso. Tulimhukumu kaka yako kwa makosa ya wengine, tukamcheka kabla ya kumsikiliza. Atakayemhukumu mtu lazima aulize kwanza, na aulize zaidi pale ambapo tayari moyo wake umeshaamua. Hilo ni letu. Lako wewe ni la ile simu. Siku ile ukweli ulikuwa neno moja dogo. Ulipouchelewesha, ukamgharimu kaka yako mashindano. Umeusema mbele ya watu wasiotaka kuuamini, na kwa hilo nakuheshimu."

"Asante, Daktari," Dhahabu alisema. Aliona haya, na aliona nafuu, vyote kwa pamoja.

Njiani mama aliongeza la kwake, bila ukali. "Daktari amesema waulize kwanza. Na wewe pia. Kuazimana ni kuzuri, mimi mwenyewe nimeazima mpaka viatu. Lakini kitu cha mtu kina mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo wa kuulizwa."

Jumamosi iliyofuata Dhahabu alikuwa tena kwenye beseni. Jezi namba tisa ilikuwa kwenye kamba, na Nguma alikuwa ndani, mguu uliokwisha kupona juu ya kigoda, akisikiliza redioni mechi ambayo angekuwa akiicheza. Lenox alitokea, akasimama mbali kidogo kuliko zamani.

"Dhahabu," alisema kwa woga, "nilikuja kumwomba Nguma msamaha. Na... nilikuwa nataka kuazima ndoo."

Dhahabu aliitazama ndoo. Ilikuwa tupu, na ilikuwa mbele ya macho yake.

"Ndoo ni ya mama," alisema. "Ngoja nimwulize."

Redio ilipunguzwa sauti ndani. Kisha akamsikia Nguma akicheka, kicheko kifupi, cha kwanza tangu alipokuja na godoro lake.

"Mwambie apite ndani," Nguma aliita. "Msamaha hauombwi uani."