Gonga Mbili

Meza iligongwa mara mbili, taratibu, kama kwa kifundo cha kidole. Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua ya El Nino imeifunika Thika nzima, na Munyao alikuwa ametoka shifti ya usiku kiwandani. Mkewe alikuwa kwa jirani na mtoto. Yeye alikuwa peke yake sebuleni, mikono yote miwili imeshika kikombe cha chai.

Mtu mwingine angesema ni panya. Lakini Munyao alikuwa mcheza poka, na katika poka ya kiwandani kwao kugonga meza mara mbili ni kusema: sina kitu, napita, endelea wewe. Yeye mwenyewe aligonga hivyo mwezi wa nane, na ndivyo alivyoipata nyumba hii.

Mambo yalikuwa hivi. Katika kota za kampuni ilibaki nyumba moja ya matofali, paa lisilovuja, choo ndani. Waliokuwa na haki nayo ni wawili, Munyao na rafiki yake Absalom, walioajiriwa siku moja. Kamati ya Maslahi ilikaa vikao vinne, ikanywa kreti mbili za soda, ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaomba ushauri wa kamati kubwa. Mwishowe Gathoni, katibu, alichoka. Yalikuwepo mashindano ya karata ya klabu ya wafanyakazi. Kati ya hao wawili, atakayedumu zaidi mezani apewe ufunguo. Kwenye kumbukumbu za kikao aliandika "usaili wa ana kwa ana" na kupiga mhuri.

Watu kumi na wawili walikaa, kila mmoja na maharagwe hamsini ya kuchezea badala ya pesa. Ukiishiwa, unaondoka. Kufikia saa kumi jioni walibaki haohao wawili.

Kila mtu alijua Absalom ndiye aliyeihitaji. Mkewe, Wilkister, alikuwa na ugonjwa wa kifua, na chumba chao kule Ruiru kilikuwa na ukuta unaotoka maji hata wakati wa kiangazi. Munyao alijua kuliko wote. Alikuwa amekula ugali humo.

Kisha akapata wafalme wanne, karata ambazo karibu hakuna kinachozishinda.

Mjinga akiwa na mkono kama huo huweka maharagwe kwa fujo, na mwenzake hukimbia. Kazi ni kujua lini utoe makucha. Ukitoa mapema unafukuza windo. Ukichelewa, windo linaenda zake na ngozi yake. Munyao akashusha pumzi kama mtu aliyeletewa barua ya onyo. Akagonga mbili. Absalom akaweka kumi. Munyao akajikuna shingo, akaweka kumi naye, kama kwa shida. Wakabadilisha karata. Akagonga mbili tena.

Absalom alimtazama sana. "Munyao, ndugu yangu, niambie tu. Niweke zote ama nitulie?"

"Weka. Mimi hapa sina kitu, bana."

"Kweli?"

"Nikikudanganya, hiyo nyumba inikatae."

Watu walicheka. Absalom akasukuma maharagwe yake yote katikati, yakaviringika juu ya mbao kwa sauti ndogo ya mvua inayoanza. Alikuwa na malkia watatu, nao hawakutosha.

Huo haukuwa wizi, kanuni za klabu zinaruhusu. Mvua zilikuja Oktoba, na mwezi uliofuata Wilkister akazikwa kwao Kakamega. Munyao alisafiri, akashika jeneza, akarudi kulala chini ya paa lisilovuja.

Sasa meza ilikuwa inagongwa kila asubuhi. Syombua, mkewe, alisikia mengine. "Baba Mwende," alinong'ona, "nani anakohoa jikoni?" Hakungoja jibu, alimbeba mtoto akaenda kwao Machakos. Munyao akabaki na harufu, kwanza ya blanketi lililokataa kukauka, halafu ya ile dawa ya kifua aliyojipaka Wilkister, ikitoka ukutani, ukuta mkavu wa matofali ambao akiugusa unakuwa mkavu na akiuacha anasikia maji yakitiririka ndani yake kama mtu anayepumua kwa taabu, akivuta, akingoja, akivuta tena, mpaka Munyao akajikuta naye amebana pumzi kungoja ile nyingine.

Alimwendea Mwalimu Abdulnasir, mganga wa Majengo, mtu wa miwani na maneno machache. Mwalimu akaja, akaketi mezani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hilo jini umeliita kwa kiapo chako," alisema. "Halitaki ubani. Mpe mwenzako nyumba."

"Mwalimu, kamati imeshapitisha. Iko kwenye minitsi za kikao."

"Majini hayasomi minitsi."

"Nitawaambia nini? Nijaze fomu gani?"

"Sema ulidanganya."

Munyao aliifuta meza kwa kiganja. "Lifukize tu, mzee wangu. Halina nguvu. Linagonga tu."

Mwalimu akawasha ubani, akasoma. Hakuwa amefika mbali. Meza iligongwa mara mbili, kwa unyonge, kisha harufu ikaisha, ukuta ukanyamaza, na jua likaingia dirishani.

"Umeona?" Munyao alisema.

Mwalimu alikuwa anafunga begi na hakuwa na furaha. "Limetoka upesi mno," alisema. "Mimi sichezi karata. Wewe unacheza."

Munyao alimsindikiza hadi getini, na kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye simu ya kibandani kumpigia Syombua. Warudi, yeye na mtoto. Kumetulia.

Walirudi Jumapili. Syombua alipika chapati, akamlaza Mwende chumbani, akasema nyumba inanukia vizuri. Munyao alikula tatu. Alikuwa anainua ya nne aliposikia, kutoka chumbani, si kugongwa. Ilikuwa sauti ndogo, ndefu, ya maharagwe mengi yakisukumwa yote kwa pamoja juu ya mbao.

Kisha Mwende akakohoa.