Wembe Kwenye Kadi

"Aliyechora mchoro huu alikuwa amelewa," alisema kijana mmoja, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Duka la vipuri vya redio la Kantilal, mtaa wa Uhindini, Mbeya, lilijaa wateja Jumamosi hiyo ya mwaka sabini na sita. Wote waligeuka kumtazama: suruali ya bugaluu ya kahawia, viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo asichokihitaji, na mkononi kisanduku cha mbao chenye nyaya na mshale. Apolonia, fundi redio wa Iringa, alikuwa ameshuka basi muda si mrefu, sweta zito juu ya kitenge chake. Alimsogelea.

"Mlevi mwenyewe ndiye mimi," alisema. "Una shida gani?"

Ukutani palibandikwa mchoro wa kisanduku cha kutafutia ubovu wa redio. Apolonia aliuchora akautoa bure. Fundi yeyote aliruhusiwa kuunakili, kwa sharti moja: akiona kosa aliandike pale pale, wenzake walione. Kando yake ilikuwepo kadi ya majaribio kumi na mawili, ya kukipima kisanduku chenyewe kabla hakijaaminiwa kupima redio ya mtu. Kila jaribio lilikuwa na jibu lake: mshale usimame hapa, mshale usimame pale.

"Nimekiunda kama ulivyochora," alisema kijana, ambaye jina lake lilikuwa Budeba. "Majaribio manne kinafeli."

"Basi kinachofeli ni mkono wako. Hiyo ni lehemu au matope?"

Watu wakacheka. Budeba alimtazama kwa chuki, kisha akaendelea kumtazama hata chuki ilipokwisha.

Kuanzia hapo wakawa wanagombana kwa simu. Kila Jumamosi Budeba alipiga kutoka kwa Kantilal, naye Apolonia akapokea dukani kwa Umakant, jirani na kibanda chake cha kazi pale Miyomboni, Iringa.

"Bado manne," Budeba alisema.

"Umebadilisha transista?"

"Zote. Mchoro wako ndio mbovu, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Rudi Usangu kwa baba yako ukachunge ng'ombe."

"Ng'ombe hao hao baba yako atawapokea kwa mikono miwili."

Apolonia alikata simu akitabasamu, na Umakant akajifanya anapanga viberiti.

Mwezi wa nne wa ugomvi huo Budeba alipiga sauti ikiwa imebadilika. "Yote kumi na mawili. Kimefaulu."

"Sema kweli."

"Kweli tupu."

"Fundi wangu," alisema Apolonia, na alimpenda waziwazi, mbele ya Umakant na wateja wake. Budeba akasema mshenga yuko njiani.

Mshenga, mzee Jailos, alifikisha barua ya posa. Baba yake Apolonia aliipokea, akasema binti mwenyewe atatoa jibu baada ya wiki mbili. Wiki hizo hazijaisha, Apolonia alipanda basi la Mbeya na kisanduku chake mapajani, maana alitaka kuviona visanduku vyao viwili pamoja.

Budeba alimpokea dukani kwa Kantilal, shati jipya, nywele zimechanwa. Apolonia alitazama ukutani, akaguna. Aliing'oa kadi, akaielekeza mlangoni penye mwanga. Sehemu nne karatasi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Majibu yalikuwa yamekwanguliwa kwa wembe, na mengine kuandikwa juu yake.

"Budeba, nani kafanya hivi?"

"Mpenzi, tukaongee nje."

"Hapa hapa."

Budeba alishusha macho. "Nilichoka kutukanwa. Nilitaka siku moja uniite fundi."

"Kisanduku kikafeli, ukabadilisha jibu. Na ndoa ikifeli utakwangua nini? Wangapi wameinakili kadi hii?"

"Sita," alijibu Kantilal.

"Mafundi sita wanaharibu redio za watu kwa jina langu. Jailos aje achukue barua yake."

Ili amwaibishe zaidi, aliweka kisanduku chake kwenye kaunta, akakipima kwa majibu yake ya zamani, watu waone kitu cha kweli. Jaribio la tatu mshale ukaenda kombo. La tano vilevile, la nane, la kumi. Yalikuwa manne yale yale.

Apolonia alikitazama kisanduku, kisha kaunta iliyokuwa chini yake, akakumbuka. Kule Iringa kisanduku chake kilipimwa siku zote juu ya meza iliyopigwa bati, na bati lenyewe lilifungwa waya hadi kwenye bomba la maji, umeme wa ziada ushuke ardhini. Alikuwa amechora kila waya isipokuwa huo, maana kwake meza ilikuwa meza tu. Aliomba kipande cha bati, akavuta waya hadi kwenye bomba la uani, akaweka visanduku vyote viwili juu yake. Vyote vikafaulu, kwa majibu ya zamani.

Budeba alicheka kwa raha. "Si nilisema? Mchoro mbovu, mkono mzima. Basi yameisha. Mzee Kantilal, tupe soda."

Uso wa Apolonia ulimwaka. Alichukua kalamu, akaandika kwenye mchoro huku akitamka: "Bati na waya wa bombani vilisahaulika. Kosa la Apolonia." Kisha akamgeukia.

"Mimi nilikosea bila kujua. Wewe ulikuwa na kweli miezi minne, ukaitupa kwa wembe. Ungeshikilia neno lako, leo ningekupigia magoti. Twende kwa hao sita, ukawaambie mwenyewe."

"Na mvua hii?" Budeba alichungulia nje, ilikoanza kunyesha.

"Na mvua hii. Au barua irudi."

Walikwenda mtaa wa Mwanjelwa kwa mafundi hao, raizoni za Budeba zikizama kwenye matope. Fundi wa kwanza alisikiliza, akashukuru. Wa pili alitukana. Wa tatu, Ngolo, alicheka mpaka akashika meza, akawaita majirani waje wamwone mwanamume aliyekwangua kadi ili apendwe.

"Ndiyo, nilikwangua," alisema Budeba, ameloa chapachapa, wala hakujitetea. "Majibu ya kweli ni haya hapa. Andika."

Ngolo aliendelea kucheka. Apolonia alimsikiliza, na hasira yake yote ikageuka ikamwelekea Ngolo.

"Ngolo, funga mdomo. Unayemcheka ni mume wangu."

Budeba aligeuka polepole. "Umesemaje?"

"Sirudii," alisema Apolonia. "Bado watatu. Tembea."