Mpe Bibi Shikamoo Yangu

"Jumamosi unaleta posa kwa kaka yangu, Anicet. Jumamosi hii! Na mimi sijasikia sauti ya bibi yako hata mara moja."

"Chérie, laini ya Italia haiko nzuri."

"Unafanya kazi duka la simu, halafu unanilalamikia laini?"

Anicet alicheka, akazuga anafuta vumbi kwenye kaunta. Duka lilikuwa katikati ya Durban, na yeye ndiye aliyelifungua asubuhi na kulifunga jioni. Kijana wa Lubumbashi, mrefu, shati limenyooka, maneno matamu. Clementina alitoka Tukuyu, Tanzania, naye alikuwa mwaka wa pili wa diploma ya utalii. Aliingia hapo mwaka jana kupiga simu nyumbani, macho yake yakanasa ukutani.

Kulikuwa na kadi za posta nyuma ya kaunta. Nyumba ndefu nyekundu na za njano zimesimama bega kwa bega mbele ya bahari. Milima imekatwa ngazi, kila ngazi imepandwa mzeituni. Nyingine ilionyesha kikaango cha chuma kikubwa kuliko paa la nyumba, wavuvi wamekizunguka wanakaanga samaki wa mji mzima.

"Nani anakutumia hizi?" alimuuliza siku hiyo.

"Bibi yangu. Iko Italia, mahali inaitwa Camogli. Batu ya pale wanasema maana yake njo nyumba ya mabibi."

"Yuko, kaka. Nyumba ndiyo iko. Bibi yuko. Na si njo, ni ndiyo."

"Yuko, mwalimu."

Clementina alicheka, na moyo ukamlainika. Nyumba ya mabibi! Aliwaona vikongwe wamekaa kwenye baraza jeupe, masista wanawaletea uji, na mmoja wao, bibi wa Kikongo mwenye mvi, anaangalia bahari na kumkumbuka mjukuu wake. Mwanaume anayemkumbuka bibi yake namna hiyo, alijiambia, hawezi kuwa mwanaume mbaya.

Wakapendana. Jumapili walikaa karibu na mdomo wa bandari, wakiangalia kilima cha Bluff ng'ambo ya maji.

"Toa ile miti," Anicet alisema, "weka mizeituni. Weka nyumba za rangi mpaka kwenye maji. Njo Camogli. Na wako na akili, wale! Kama ukuta hauna dirisha, wanachora. Dirisha ya rangi, na pazia yake, na kivuli yake. Ukiwa mbali huwezi kujua."

"Utanipeleka?"

"Tutaenda wote kwa bibi."

Tangu hapo kila wiki walipoagana, Clementina hakuacha kusema, "Mpe bibi shikamoo yangu." Krismasi alimnunulia hata fimbo ya kutembelea, ya mti mweusi, kichwa kimechongwa ndege. Anicet aliitazama ile fimbo muda mrefu sana.

"Ya bibi?"

"Ndiyo. Kule kuna ngazi nyingi, asije akaanguka."

Anicet alikipapasa kile kichwa cha ndege. Kisha akasema, "Atafurahi."

Basi siku ile ya Alhamisi, baada ya kulalamikia laini, alichukua kofia yake. "Kaa hapa kidogo. Naenda kununua bunny, ule mkate wa mchuzi wa maharage, nirudi tukule."

Alipovuka tu robot, zile taa za barabarani, simu ya kaunta ikalia.

"Allô? Anicet?" Sauti ya kike, ya mbali.

Clementina akaruka kwa furaha. "Shikamoo, bibi!"



"Ni nani?"

"Ni Clementina, bibi! Mchumba wa Anicet. Jamani, sauti yako bado mbichi kama ya msichana!"

"Mchumba ya nani?"

"Wa Anicet. Jumamosi analeta posa. Nilikuwa nalilia baraka zako, bibi yangu."

"Dada, sikia. Mimi njo bibi ya Anicet."

"Najua, bibi!"

"Anicet ni bwana yangu."

Clementina akaangua kicheko. Kwao Tukuyu bibi yake aliwaita wajukuu wake wa kiume "mume wangu", na kila bi harusi aliyeingia kwenye ukoo alipokewa kwa utani: mwizi wewe, umeninyang'anya mume. Kumbe na Wakongo wana utani huu!

"Basi nimekuibia, mke mwenzangu! Wewe umeshafaidi ujana wake, sasa niachie na mimi."

"Unasema nini?"

"Niachie, bibi! Umezeeka! Meno yenyewe huna, mume utamtafuna na nini?"

"Mimi niko na miaka makumi mbili na nane!"

Clementina akaacha kucheka.

"Ninaitwa Agathe," sauti iliendelea. "Tulifunga ndoa kanisani kule Lubumbashi. Huku nachunga mama mzee ya Kiitalia. Namuosha, namulisha, napata kitu ya kutafutia bwana yangu papiers, makaratasi ya kuingia huku. Zimetoka. Mwezi wa sita anakuya. Na wewe, unaniambia sina meno?"

"Dada..." Clementina alishika kaunta. "Dada, nilidhani wewe ni bibi."

"Njo mimi bibi!"

"Bibi kwetu ni mama aliyemzaa mama. Mzee. Wa mvi."

"Ah. Yule kwetu ni kambo. Bibi njo muke."

"Kambo kwetu ni..." Akaacha. Haikusaidia tena. "Dada Agathe, ile fimbo ulipata?"

"Fimbo gani?"

Clementina aligeuka. Nyuma ya pazia lililokuwa wazi kidogo, mahali ambapo wateja hawafiki, fimbo nyeusi yenye kichwa cha ndege iliegemea ukuta. Imefungwa waya nchani, ikawa ndoano ya kuvutia geti la bati la dukani.

Hapo ndipo machozi yalipotoka.

"Kwa hiyo alijua," alisema taratibu. "Mtu akikupa fimbo umpelekee mkeo, unajua hajaelewa. Alijua toka Krismasi."

Agathe naye alikuwa analia sasa. "Aliniambia iko muteja moja, mama muzuri, ananisalimia sana. Mwaka muzima unaniamkia shikamoo juu ya bwana yangu!"

Wakalia wote wawili, simu katikati.

"Na madirisha?" Clementina aliuliza. Hata yeye hakujua kwa nini anauliza. "Ni kweli wanayachora?"

"Ni kweli. Wiki yangu ya kwanza nilikuta paka kwenye dirisha, nikamuita: kuya, kuya. Haikushuka. Ilikuwa rangi." Akavuta kamasi. "Lakini bahari ni ya kweli, dada. Hiyo hakukudanganya."

Mlango ukafunguka. Anicet aliingia na mkate wa mchuzi mkononi, akaona mkonga wa simu, akaona uso. Hakuuliza ni nani.

"Clementina, sikukuficha. Siku ya kwanza nilikuambia niko na bibi Italia!"

"Kweli. Ulisema."

"Njo hivyo! Wewe mwenyewe ulisikia vibaya. Wewe mwalimu! Kila neno yangu unasahihisha, iko, yuko, ile ya bibi juu ya nini hukuuliza?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Siku ya kwanza kosa langu," akasema. "Na Krismasi? Nilipokupa fimbo?"

Anicet akatazama pazia.

"Nijibu."

"Niliogopa utaondoka."

"Na mwezi wa sita ungeniambia nini?"

"Ningeenda mbele, nipate kazi, kisha nikuite. Nakupenda, chérie. Ile si uongo."

"Uniite nikakae wapi? Nyumba ya mabibi?"

Clementina alimwekea mkonga wa simu kifuani.

"Agathe yuko hewani. Hajakata, anasikia yote. Ongea na bibi yako."

Akaipita kaunta, akachukua fimbo yake na waya wake, akatoka. Mchana huo wote, watu wa mjini walimwona msichana mzima wa miguu anakwenda na fimbo, analia bila kuficha.

Jumamosi ilifika hata hivyo. Kaka yake Ambokile, aliyepanga nyumba Chatsworth, nje kidogo ya mji, alikuwa ameshawaambia wageni wasije. Alikuja mmoja. Anicet alisimama getini peke yake, shati halikupigwa pasi.

Ambokile alimwangalia juu mpaka chini. "Bwana, posa huletwa na washenga. Wako wapi?"

"Sikuleta posa, shemeji. Nataka kuongea naye tu."

"Shemeji yako nani? Hebu tulia hapo hapo."

Clementina alitoka mwenyewe. Macho yalikuwa yamevimba.

"Agathe amesema hanitaki," Anicet alianza. "Anasema papiers atazirudisha. Sasa hakuna mtu katikati yetu. Niko huru, Clementina. Tuanze upya, na kila kitu nitakuambia."

Moyo wa Clementina uliruka. Hilo ndilo lililomtisha: kwamba uliruka. Alimpenda bado, na mikono yake yote ilitaka kufungua geti.

"Agathe ameosha mzee wa watu ili akutafutie karatasi," alisema, "na umemlipa nini? Leo umefukuzwa kwake, ndiyo umekuja kwangu. Kesho nikikufukuza utakwenda kwa nani?"

"Usiseme hivyo."

"Mwaka mzima nimebisha hodi kwenye dirisha la rangi, Anicet. Lina pazia, lina kivuli, zuri sana. Nimechoka kubisha ukutani."

"Na Italia? Ulikuwa unaiota kila siku."

"Italia niliipenda yenyewe, si kwa sababu yako. Nitafika. Na nikifika, kuna dada mmoja tu nitakayemtafuta."

Aliingia ndani, akarudi na fimbo. Waya alikuwa ameutoa. Akaipitisha kwenye nondo za geti.

"Zawadi ya bibi. Hukuifikisha."

"Agathe hatembelei fimbo, Clementina. Ni kijana."

"Mpelekee tu, ukamwombe radhi. Akikuona mlangoni, ataijua kazi yake."

Ambokile alikohoa kuzuia kicheko. Anicet alisimama na fimbo mkononi.

"Nimuambie nini?" aliuliza mwishowe. "Shikamoo yako?"

Clementina alifunga kufuli.

"Hapana. Mpe pole."