Alifumba Macho Mapema

Saa saba mchana, mbele ya duka la televisheni, watu walipita wakipigana vikumbo, kila mmoja na haraka zake. Wawili tu walisimama: dada mwenye koti jeupe la duka la miwani, na kaka mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyochafuka grisi. Dirishani, kwenye televisheni kumi na mbili kwa pamoja, mpelelezi wa Kiingereza, mwanamke mkavu asiyecheka, alitembea ufukweni kwenye mvua akitazama nyayo.

"Muuaji ni daktari," kaka akasema.

"Nyamaza, kaka! Mimi bado sijafika huko."

"Hata mimi sijafika. Nakisia tu. Yule bwana ana adabu kupita kiasi."

Dada akacheka bila kutaka. Kabla wiki haijaisha, yule kaka, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti, alikwenda dukani kwake kupimwa macho. Alisoma herufi zote mpaka mstari wa mwisho, kisha akasoma na jina la mchapishaji lililoandikwa chini.

"Macho yako mazima kabisa," dada akasema.

"Basi ninaumwa kitu kingine."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Jumapili saa kumi jioni walikaa sebuleni kwa dada, mapazia yameshushwa, wakiitazama ile tamthilia sehemu moja moja. Sheria zilikuwa mbili: hakuna kutazama bila mwenzako, na hakuna kusimamisha, hata simu ikilia. Kaka alimwita dada Inspekta. Dada alimwita Mshukiwa.

"Mbona unapenda mambo ya maiti hivi, mpenzi?" kaka alimuuliza siku moja.

"Sipendi maiti. Napenda kwamba kuna mtu anayeona."

Dada alisema kweli. Miaka mitatu nyuma alikuwa na mchumba aliyeoa mwanamke mwingine huku gauni la harusi likiwa bado kwa fundi. Mtaa mzima ulijua, ila yeye. Katika ile tamthilia ya kiza na mvua hakuna kilichopotea bure. Kikombe kilichooshwa kabla ya wakati wake, kiatu kilicholowa, vyote vilikuwa na mtu wa kuviona. Alijiapiza kwamba safari hii ataona mapema. Nami simlaumu, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ikafika sehemu ya nne. Mpelelezi alishika kitasa cha kibanda cha mashua. Mlango haujafunguka, hakuna kelele wala damu, na fundi wa lifti akafumba macho.

Maiti ilionekana baadaye kidogo. Dada hakuitazama. Alikuwa akimtazama mtu aliyekaa pembeni yake.

Alifumba mapema. Alishaiona sehemu hii. Na nani?

Dada aliosha vikombe, akamsindikiza mpaka mlangoni, akalala na jiwe kifuani. Jumatano asubuhi akampigia simu.

"Leo utakuwa wapi, mpenzi?"

"Jengo la bima. Lifti yao imegoma tena."

Hiyo ilikuwa Jumatano ya tano lifti ile kugoma. Dada akapiga simu kwenye jengo.

"Lifti?" mlinzi akashangaa. "Inapanda na kushuka tangu asubuhi, dada. Fundi hatujamwona mwezi huu."

Saa tisa alasiri alijibanza ng'ambo ya karakana anakofanyia kazi kaka, amevaa koti la kijivu na jua lote lile, akitoka jasho kwa ajili ya upelelezi. Mshukiwa akatoka bila ovaroli. Shati la pinki lililonyooshwa! Viatu vinang'aa! Akaingia duka la mikate, akatoka na boksi la biskuti zisizo na sukari.

"Mwanamke gani huyu anayekula biskuti zisizo na sukari?" dada akajiuliza. Akapiga simu.

"Uko wapi?"

Alimwona akisimama, simu sikioni. "Kazini, Inspekta wangu."

"Wewe na yule wa kwanza ni baba mmoja, mama mmoja. Usinitafute tena!" Akakata.

Kaka alibaki amesimama mbele ya kioo cha duka kwa muda. Kisha akaendelea na safari yake, sasa polepole. Dada naye akafuata, machozi yakimtoka, mpaka alipotambua kwamba mitaa ile anaijua. Kinyozi yule. Ngazi zile. Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani.

Mama mzazi wa dada ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, mama," alisema fundi wa lifti. "Leo tumekuja wawili."

"Marahaba." Mama akachungulia ngazini. "Mwanangu, na koti hilo, unaumwa?"

Dada alipanda akihema. "Mama, huyu anafanya nini hapa?"

"Nilimkataza kukwambia. Yule wa kwanza alinichekea mbele yako, nikamwamini. Huyu nilitaka kumjua bila wewe kuwepo. Nikamwambia aniletee ile tamthilia anayoipenda mwanangu, tuitazame kila Jumatano. Mtu ukitaka kumjua, mtazame anavyomtazama mwovu." Akapokea boksi. "Huyu anafumba macho, maskini."

Dada akamgeukia. "Ulijua ninakufuata?"

"Nilikuona kwenye kioo cha duka, baada ya simu."

"Mbona hukunikwepa?"

"Nilitaka ufike." Hakutabasamu. "Lakini nilikudanganya, Jumatano tano. Hilo ni kosa langu, simsingizii mama. Na wewe umenifananisha na yule. Imeniuma sana."

"Nisamehe," dada akasema, akamaanisha. "Nilikuwa naogopa kuwa wa mwisho kujua."

"Haya, ingieni," mama akasema. "Imebaki sehemu ya mwisho, na nimekataa kuitazama bila mwanangu."

Wakakaa watatu. Rimoti alishika dada. Mvua ikanyesha kwenye kioo, mpelelezi akapanda ngazi, akagonga mlango wa muuaji. Ndipo kaka akasema taratibu, macho wazi, "Inspekta, nataka kukuoa. Hata mama hajui. Safari hii nataka wewe ndiye wa kwanza—"

Dada akabonyeza. Mpelelezi akaganda, mkono mlangoni. Mshukiwa akaitazama ile televisheni iliyosimama, haamini.

"Sema tena," dada akasema. "Sema lote."

"Na umjibu upesi," mama akadakia, biskuti mkononi. "Mimi nataka kumjua muuaji."